Oili ya Bredauni la Baba

Baba yangu alikuwa akivuta magari ya watu. Hapa Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kazi hiyo haikosi wateja. Lori la mbao likilala mtaroni, semi likikatika shafti katikati ya mlima, simu ilipigwa kwake, naye alipanda bredauni lake akaenda. Lilikuwa lori la dizeli la zamani, lenye winchi nyuma na chuma kinene cha kuvutia, na rangi yake ya chungwa ilikuwa imepauka kiasi kwamba majirani waliliita karoti. Mimi pia nililiita karoti. Baba alinijibu kwamba karoti hiyo ndiyo iliyonisomesha.

Mimi nauza oili za magari katika duka dogo karibu na stendi. Watu wakisikia hivyo hudhani najua magari. Sijui magari. Najua oili, na oili mtu huijua kwa kukaa nayo: ipi nzito, ipi nyepesi, ipi ni feki iliyochujwa kwa kitambaa na kurudishwa sokoni ndani ya galoni lenye nembo nzuri. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na wauzaji wa oili feki wanajua zaidi. Baba alikuwa akisema ulimi wangu unaweza kufungua nati iliyoshika kutu.

Injini ya bredauni ilipofunguliwa mara ya mwisho, fundi wetu, mzee mwenzake baba, alituita sote wawili akatuonyesha krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini juu ya beringi zake. Ilikuwa imeshachongwa mara nyingi mno, na hapakuwa tena na saizi ya beringi ya kuifuata. Alitueleza bila kuzunguka. Beringi zikianza kulika nasi tukawahi, atabadilisha beringi tu na gari litaendelea na kazi. Tukichelewa, krenki itakwaruzika, na hapo hakuna fundi wa kutusaidia. Baba hakuwa na uwezo wa kununua injini nyingine, wala hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa mgane aliyezoea kulala na simu chini ya mto akisubiri kuitwa. Bila gari lile angekuwa mzee wa kukaa barazani, na baba yangu hakuwa mtu wa kukaa.

Shida ni kwamba beringi hazilalamiki mapema. Ukizisikia zinagonga, umeshachelewa. Ndipo fundi wa kampuni moja ya malori, mteja wangu, aliponieleza kwamba wao hutuma oili iliyotumika maabara, Dar es Salaam, na maabara huwaambia ni kitu gani kinalika ndani ya injini kabla hata boliti moja haijafunguliwa. Nilidhani ananitania. Akanionyesha majibu kwenye simu yake, akanieleza mstari kwa mstari, nami nikatoka pale nikiwa nimeshaamua kwamba bredauni la baba nalo litapimwa.

Kusoma oili si uganga. Ndani ya injini vyuma vinasuguana, na kila kinachosuguliwa huacha unga wake kwenye oili, unga usioonekana kwa macho. Maabara huupima kila unga peke yake. Chuma kikipanda, silinda na ringi zinalika. Risasi na shaba zikipanda pamoja, tazama beringi. Ukiona vumbi la mchanga, ujue kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa. Sodiamu ikijitokeza, maji ya rejeta yamepata njia ya kuingilia. Dizeli ikiwa nyingi, oili imekuwa nyepesi na haivilindi tena vyuma. Lakini namba moja haikuambii kitu. Ni kama kumwona mtu mara moja sokoni amekunja uso. Huwezi kusema ndiyo tabia yake. Nilijifunza kuweka majibu mapya kando ya yale ya kabla yake, na kutazama nini kinapanda na kinapanda na nani.

Tena bredauni lina mambo yake. Lori la kawaida unalihesabia kilometa. Bredauni linaweza kwenda hapo karibu tu, kisha likasimama kutwa injini ikiunguruma, likilitoa tela bondeni kidogo kidogo, na kilometa hazisogei. Watu wa maabara waliponiuliza kilometa niliwaambia wazisahau, nitawapa saa. Halafu likishafunga lori lenye shehena na kuanza kupanda nalo mlima, injini yake inafanya kazi ya injini mbili. Kwa hiyo masizi ambayo kwenye gari la kubeba viazi yangetisha, kwa bredauni ni ya kila siku. Nililisoma kwa kulilinganisha na lenyewe, si na magari ya wengine.

Sampuli nilikuwa naichota mwenyewe. Unalala chini ya gari injini ikiwa bado na moto, unafungua nati, unaacha oili ya mwanzo itoke na uchafu wake, kisha katikati ya mtiririko ndipo unakinga chupa safi. Nilifanya hivyo asubuhi zile za Makambako ambazo upepo wake unapita kwenye mifupa, na baba alikuwa akisimama pembeni amejikunyata ndani ya kabuti, akiuliza kama nitapenda kutuma na mkojo wake kwenye basi hilo hilo. Nilimwambia wa kwake hauhitaji maabara, unanuka pombe ya ulanzi. Tulikuwa tukicheka hivyo, mimi nikiwa mgongoni chini ya gari na oili ikinichuruzika kwenye kiwiko.

Majibu ya kwanza yalikuwa ya kawaida. Ya pili yalikuwa na vumbi jingi, na chuma kilikuwa kimeanza kulifuata. Nilimwambia fundi atafute, akakuta mpira wa hewa umechanika upande wa chini, mahali jicho halifiki. Baba alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa shukrani, akauhadithia usharika mzima habari za mpira ule, jinsi oili ilivyokwenda Dar es Salaam na kurudi na habari zake. Mchungaji alivumilia hadi baba alipoanza kufafanua tofauti ya silinda na ringi. Mimi niliinamisha kichwa nikachekea ndani ya kitenge.

Majibu ya tatu yaliniondolea raha. Vumbi lilikuwa limekwisha, lakini risasi ilikuwa imepanda kidogo, na shaba imepanda nayo. Si sana. Ilikuwa ni mwanzo tu, lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa krenki ambayo haina mbadala. Nilimsomea baba kila kitu, pamoja na maneno ya chini ambayo maabara huongeza: kwamba oili ni chafu, imejaa masizi, imetumika kupita muda wake. Nikamweleza kwamba sampuli inayofuata ndiyo itakayoamua. Risasi ikipanda tena, gari linasimama na beringi zinabadilishwa, hata kama ni msimu wa kazi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Sikutegemea kwamba kati ya yote hayo angeuliza alichouliza.

"Wameandika chafu?"

Nikamwambia ndivyo walivyoandika. Akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena, akasema ana gari la kwenda kulitazama Ilembula. Nilidhani anaogopa msimu wa kazi kumpita.

Muda wa sampuli ya nne ulipofika sikuwepo. Nilikuwa Mawengi kwa wakwe zangu, kwenye msiba uliochukua siku nyingi. Baba alinipigia akasema nisihangaike, ataichota mwenyewe, ameshaniona nikifanya. Nikamkumbusha kwa simu: injini iwe na moto, usikinge ya mwanzo, chupa iwe kavu. Akasema anajua. Chupa ikapanda basi.

Majibu yalinikuta huko huko Mawengi, nimesimama kwenye kilima nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao. Risasi ilikuwa chini. Shaba chini, chuma chini. Masizi hayakufika hata robo ya yale ya zamani, na nguvu ya oili ya kupambana na asidi ilikuwa kama ya oili ambayo haijatoka kwenye galoni. Niliyasoma mara mbili. Nikampigia baba kumuuliza kama kweli ile ni oili ya bredauni letu, akasema ndiyo, ameichota kwa mkono wake. Nikapiga maabara wairudie, wakairudia, namba zikawa zile zile. Basi nikaona kwamba majibu ya tatu ndiyo yaliyokuwa na kasoro, labda chupa ilikuwa na kitu. Nilifurahi, nasema wazi. Nilimpigia baba tena kutoka kile kilima, nikamwambia gari lake zima, afanye kazi. Akasema Bwana asifiwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mvua zikaanza, na mvua zikianza malori hulala mitaroni. Baba alishinda barabarani. Alitoa lori la viazi lililoserereka kule Matamba, akarudi na matope hadi kwenye nyusi, na kila baada ya siku mbili alikuwa njiani kwenda Njombe au kurudi. Asubuhi moja akaitwa kulivuta lori la mbao lililoharibika gia nje kidogo ya mji wa Njombe. Sikuwa na wasiwasi wowote. Kabla ya saa sita simu yangu ikalia.

"Mwanangu," alisema, "limekufa."

Nilifunga duka nikakodi gari dogo. Nilimkuta kando ya barabara, penye mipaina, mahali ambapo mlima unamalizika na barabara inakuwa tambarare. Bredauni lilikuwa limesimama, na lori la mbao limefungwa nyuma yake kwa chuma, na chini oili nyeusi ilikuwa imetapakaa kwenye lami, mvua ikiisukuma kuelekea mtaroni. Ubavu wa injini ulikuwa na tundu la kupita ngumi, na ndani yake kipande cha konrodi, ule mkono wa pistoni, kilikuwa kinachungulia. Sikuhitaji maabara kunisomea.

Dereva wa lori la mbao ndiye aliyenieleza. Injini ilianza kugonga katikati ya mlima. Nyuma yao kulikuwa na basi limejaa watu na magari mengine yameandamana. Kama baba angezima pale, lori la mbao lingemvuta kurudi chini, na wote wangeliangukia lile basi. Akaendelea kukanyaga mafuta, injini ikigonga, ikitoa moshi, hadi walipofika penye tambarare. Hapo ndipo ilipopasuka. Basi likawapita, na watu waliokuwa ndani, dereva alisema, walikuwa wanalalamika kwamba bredauni linawachelewesha.

Tukaita bredauni jingine kutoka Makambako. Mwenyewe ni kijana aliyeijua kazi hii kwa kumtazama baba. Alishuka akamwamkia, "Shikamoo mzee," halafu akasimama na kile chuma mkononi bila kujua aanzie wapi. Baba ndiye aliyemwonyesha mahali pa kufunga, kama ambavyo angemwonyesha kwenye gari la mtu mwingine. Akakagua pini zote kwa mkono. Kijana akamwambia apande naye mbele, kuna nafasi na kuna joto, yeye atampata mtu wa kushika usukani huku nyuma. Baba akakataa. Gari linalovutwa kwa chuma linahitaji mtu wa kuliongoza, na hakuna mtu mwingine ambaye angelishika gari lile siku ile. Nikapanda nikakaa kando yake.

Usukani ulikuwa mzito kwa kuwa injini haifanyi kazi. Kila kona alikuwa akiuvuta kwa kifua kizima, nami nikaweka mkono wangu kumsaidia, na hakuuondoa. Wanawake wanaouza viazi kando ya barabara walilijua karoti kwa mbali, wakainua mikono kama kawaida yao. Kisha wakaona liko nyuma badala ya kuwa mbele, wakaishusha. Iliniuma kwa namna ambayo hadi leo sipendi kupita pale.

Hasira yangu ikatafuta pa kutokea. Nikaanza na maabara. Nilisema ni wezi, wanakaa Dar es Salaam wanabahatisha namba, kwamba nitawapigia leo leo niwaambie walichofanya, kwamba gari zima haliwezi kupasuka injini kabla mvua hazijaisha. Nilisema mengi. Baba aliniacha hadi tukapita kona.

"Usiwatukane watoto wa watu," alisema. "Oili niliyowapa ilikuwa mpya."

Kwanza sikumwelewa. Akanieleza bila kugeuka, macho yake yakiwa kwenye mgongo wa bredauni la mbele. Aliimwaga ile ya zamani yote Jumamosi. Akaweka mpya, akaenda nayo kanisani Jumapili na kurudi, ili izoee injini. Jumatatu akaichota ikiwa na moto, katikati ya mtiririko, kwenye chupa kavu, kama nilivyomfundisha. Hakuniambia uongo hata kidogo. Niliuliza kama ni oili ya bredauni, na ilikuwa ya bredauni.

"Walishaandika ni chafu," alisema. "Ningewapelekea tena uchafu ule? Mgonjwa hapelekwi hospitali hajaogeshwa."

Nilihisi maneno yakinijia, yale ya kufungua nati. Nilitaka kumwambia kwamba uchafu ndio uliokuwa unatakiwa, kwamba uchafu ndio wenye habari, kwamba niliupanda mlima wa watu Mawengi nikamwambia afanye kazi kwa sababu ya maji safi aliyoliogeshea gari lake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hata mama yako tulimwogesha," alisema.

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, niko bweni. Nilichoambiwa ni kwamba alizidiwa, akafia hospitali. Kwetu mtoto haambiwi zaidi ya hapo, na ukishakuwa mtu mzima unaona haya kuuliza. Sikuwahi kuuliza. Sasa, ndani ya gari linalovutwa, baba akanieleza. Wakati ule walikuwa Wanging'ombe. Mama alikuwa na maumivu ya tumbo tangu alfajiri, na gari la kumchukua lilipatikana mapema. Baba mwenyewe ndiye aliyemwomba dereva asubiri. Shangazi zangu wakachemsha maji, wakamwogesha, wakampaka losheni, wakamchana nywele, wakamvika kitenge chake cha Krismasi. Mama alikuwa akiwahimiza wafanye upesi, lakini naye hakukubali kutoka bila kitambaa cha kichwa. Walipofika hospitali alikaa kwenye benchi amenyooka, ananukia sabuni, akaitikia salamu zote.

"Muuguzi alimtazama," baba alisema, "akasema huyu mama hajambo, asubiri, kuna waliozidiwa. Tukasubiri. Alikuwa amependeza, mwanangu. Ndiyo maana hawakumwona."

Nikamsaidia kuukata usukani kwenye kona iliyofuata. Sitaki kumlinganisha mama yangu na injini, na kama ni mimi ningeviweka vitu hivyo mbali kabisa. Ni baba aliyeviweka pamoja, na sidhani alivipanga. Alikuwa amevibeba mahali pamoja miaka yote.

Watu wakisikia habari za ile oili hunisomea methali ya mficha maradhi. Nawajibu vibaya. Baba hakuficha kitu. Aliona mgonjwa wake anakwenda mbele ya wakubwa, akataka asidharauliwe, kama ambavyo mtu yeyote kwetu angefanya. Mara ya kwanza hakukuwa na wa kumwambia kwamba kuna mahali mtu anapaswa kufika jinsi alivyo. Mara ya pili ilikuwa ni mimi wa kumwambia, na sikujua kwamba hilo ni jambo la kuambiwa.

Tulifika Makambako jioni. Kijana akaliingiza gari uani taratibu, mahali pake pa siku zote, akafungua pini, akamuaga baba kwa heshima, akaondoka kurudi kulifuata lori la mbao. Baba alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili. Nikamwambia, baba, tumefika. Akasema anajua. Mvua ikawa inanyesha juu ya bati la gari, naye hakuuachia, nami sikushuka.